Mzazi mpenda katuni: namna ya kutafuta, kutibu, kutunza na kusoma na watoto, hatua kwa hatua

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Morogoro mjini. Kibarazani kwake palikuwa na benchi moja refu la wateja na pembeni ya benchi rundo la magazeti ya katuni ya Sani, yani mtu kaja kuchukua suruali yake akikuta haijapigwa pindo anakaa, anaokota Sani, anaanza kucheka mwenyewe na hasira za kucheleweshewa zinaisha hapohapo. Mimi nilijua kusoma pale benchini kabla sijaanza darasa la kwanza. Gazeti likiachia mgongo baba alikuwa analipitisha kwenye cherehani, uzi mweusi, trrrr, linarudi kwa wateja. Siku tunafunga kibanda tulikuta yamebaki 11 tu chini ya meza ya kukatia, mengine yote yalishaenda kwa mama jirani aliyekuwa anauza maandazi, na kipindi kile hakuna aliyeona shida.

Hayo 11 ndio mwanzo wangu. Sa hivi nina zaidi ya 300, magazeti ya katuni na vitabu vya komiki vya kila aina, nina watoto wawili, mmoja miaka 11 mwingine 6, tunasoma pamoja karibu kila jioni. Watu wengi wananiuliza naanzaje, napata wapi, hayaliwi na wadudu? Kwahiyo nimeamua niandike yote hapa, mzazi mwenzangu chukua linalokufaa.

HATUA YA 1: Amua unakusanya nini

Usianze kwa kununua, anza kwa kuamua. Ukisema unakusanya "komiki" tu utajaza nyumba alafu utachoka. Chagua kitu kimoja au viwili vinavyokugusa, mimi nilichagua katuni za Kiswahili za Tanzania na Kenya, alafu pembeni naruhusu komiki za nje ambazo watoto wanazipenda.

Na hapa naomba unisikilize kwa makini maana ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani kitu cha thamani ni kile cha Marekani chenye jalada linalong'aa. Mwaka 1991 kampuni ya Marvel ilitoa X-Men namba 1 mpya, zikauzwa nakala zaidi ya milioni 8, kila mtu akanunua akaweka ndani akisubiri utajiri, na mpaka leo ukiitaka unaipata kwa bei ya chakula cha mchana kwasababu kila mtu aliitunza. Sasa geuza upande wa pili. Zile za mwisho wa miaka ya 1930 watoto walisoma wakatupa, nyingine zikapelekwa kwenye karatasi chakavu wakati wa vita, ndio maana Novemba 2025 nakala ya Superman namba 1 ya mwaka 1939 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 9.12. Hiyo nakala ilikuwa ya mama mmoja kule California kaskazini, alinunua akiwa binti akaihifadhi maisha yake yote, watoto wake ndio wakaja kuikuta darini chini ya magazeti ya zamani. Kilichoifanya iwe adimu ni kwamba wenzake karibu wote walitupa.

Na sisi je, tulitupa nini? Tulifungia maandazi na karanga. Sani za miaka ya 80 zenye mkono wa Philip Ndunguru, kijana aliyetuchorea kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa akafariki 1986 akiwa bado mdogo kabisa, leo ukiipata moja yenye kurasa zote umepata kitu. Chakubanga wa Christian Gregory aliyekuwa anatoka kwenye gazeti la Uhuru tangu mwaka 1967. Kingo wa James Gayo. Ukienda Kenya kuna Juha Kalulu wa Edward Gitau ambaye wasomaji wa Taifa Leo wamekua naye vizazi na vizazi, kuna jarida la Joe la Hilary Ng'weno na Terry Hirst lililoanza 1973 likafa mwishoni mwa muongo huohuo, na karibuni zaidi kuna Shujaaz iliyoanza 2010 kwa Sheng, ile lugha ya vijana wa mitaani Nairobi, na ikawa inagawiwa bure. Hiyo ya bure ndio nakwambia kaitafute sasa hivi, kwasababu kitu cha bure ndio kinatupwa haraka kuliko vyote.

Sisemi ukusanye ili uje uuze. Sijawahi kuuza hata moja. Nasema hivi ili ujue kwamba rundo lililopo kwa shangazi yako kule kijijini linaweza kuwa ndio lenyewe, na usipoliokota wewe hakuna mtu mwingine atakayeliokota.

HATUA YA 2: Tenga hela yake

Kibubu. Mimi naweka elfu 15 kwa mwezi, ikiisha imeisha, hata nikutane na nini. Ongea na mwenzako ndani ya nyumba mapema, mweleze, mwonyeshe, hela ya katuni isiguse ada wala kodi. Ukifanya kwa kificho utaanza kuficha na vitabu vyenyewe, na vitabu vinavyofichwa havisomwi na watoto.

HATUA YA 3: Nenda katafute

Kwa Dar wauza vitabu vya mtumba wanaopanga chini maeneo ya Posta na Kariakoo, nenda asubuhi wakati wanapanga ndio utaona vilivyo chini kabisa ya rundo. Nairobi wanaita inama bookshop, kwasababu unainama kuchagua, zipo nyingi kuelekea Tom Mboya na mitaa ya nyuma. Kwenye hivi vya mtumba utakutana zaidi na vya Uingereza, zile annual za Beano zenye jalada gumu zinazotoka kila mwaka, na watoto wadogo wanazipenda sana maana hata asiyejua Kiingereza anaelewa kwa picha.

Ila katuni zetu hazipo sana mtumbani. Hizo zipo kwa watu. Orodha yangu ya sehemu zilizonipa matunda: masanduku ya bati ya mabibi na mashangazi, vinyozi wa zamani, nyumba za wageni zilizojengwa kitambo, stoo za shule, na walimu wastaafu, hawa walimu wastaafu ni hazina jamani, mwalimu hatupi karatasi. Ukienda msibani au harusini ukweni uliza kwa adabu, "Shikamoo mjomba, samahani, hivi yale magazeti ya zamani ya vichekesho bado yapo?" Usiulize bei kwanza. Kaa, kunywa chai, acha akusimulie alikuwa anayasoma wapi. Mara nyingi atakupa bure, na ukipewa bure mpelekee kitu siku nyingine, sukari, kanga, au mpigie picha ukurasa anaoupenda umpelekee kwenye fremu. Babu mmoja nilimpelekea picha ya Chakubanga akaibandika juu ya kitanda, tangu siku hiyo kila mzee mwenzake akitaka kuchoma makaratasi ananipigia simu yeye.

Na katuni za magazetini za kila siku, mfano za Masoud Kipanya, kata mwenyewe. Kata pana, acha jina la gazeti na tarehe vionekane. Nilikata karibu mwaka mzima bila tarehe na sasa sijui kile kibonzo kilikuwa kinasema kuhusu jambo gani, kibonzo cha siasa bila tarehe kinapoteza nusu ya maana yake.

HATUA YA 4: Kagua kabla hujalipa

Fungua katikati kwanza, siyo jalada. Karatasi ya katikati ndio inayoanza kuchomoka kwasababu imeshikwa na pini tu, na muuzaji hajui kama haipo. Hesabu kurasa kwa kidole. Tazama pini kama zimeshika kutu na kutu imekula karatasi kiasi gani. Nusa, harufu ya karatasi ya zamani ni sawa, ila harufu ya unyevu, kama ya nguo zilizokaa ndani ya beseni siku mbili, hiyo ni fangasi na inahamia kwa wenzake. Kunja kidogo kona ya ukurasa wa mwisho, kwa upole, ikivunjika kama kaukau basi karatasi imeshakufa na utahitaji kuishika kama yai.

Chemshabongo ikiwa imeshajazwa kwa kalamu usikatae. Ninayo Sani moja mtu kajaza fumbo lote kwa bluu, mwandiko mdogo umelala upande mmoja, kwenye neno la mwisho kakosea akakata akaandika juu yake akakata tena, na pembeni kaweka alama ya kuuliza. Hiyo siibadilishi na nakala safi hata ungenipa.

HATUA YA 5: Lisiingie kabatini siku hiyohiyo

Gazeti jipya kwako ni mgeni ambaye hujui katokea wapi. Mende wanataga kwenye mgongo, kuna vile vidudu virefu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu, hivyo vinakula gundi na karatasi, na kuna mchwa. Ukiliweka moja kwa moja na mengine umewakaribisha wote.

Ninachofanya: gazeti likiwa kavu kabisa naliweka kwenye mfuko wa plastiki, natoa hewa, nafunga vizuri kwa mkanda, naliweka kwenye friza wiki mbili. Friza, siyo sehemu ya kawaida ya friji, inatakiwa ifike kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika mpaka vitu vikayeyuka anza kuhesabu upya. Ukitoa usifungue mfuko, acha siku nzima mezani, yale maji yatokee nje ya plastiki na siyo juu ya karatasi. Waambie na watu wa nyumbani, maana dada alishawahi kutoa mfuko wangu akaufungua akidhani ni samaki.

Dawa ya kupuliza usiitumie juu ya karatasi, na zile tufe nyeupe za kuweka kwenye nguo usiweke kabisa kwenye boksi la katuni. Mtoto anaona pipi. Ni sumu.

HATUA YA 6: Matibabu

Hapa ndio napapenda kuliko sehemu zote na ndipo nimeharibu vitu vingi, kwahiyo nitaenda taratibu.

Kwanza vumbi. Brashi laini ya rangi, ile pana ya bei rahisi lakini mpya, futa kutoka mgongoni kwenda nje, ukurasa kwa ukurasa. Madoa ya mikono yajaribu kwa raba nyeupe laini pembeni kabisa mwa ukurasa, uone kama wino unatoka. Usitumie maji, usitumie spiriti.

Pili pini. Zikiwa na kutu zitoe, ila siyo kwa kile kidude cha meno cha ofisini, hicho kinachana. Fungua katikati, nyanyua miguu ya pini kwa ncha ya kisu cha mezani butu mpaka isimame wima, alafu geuza uvute kutoka mgongoni. Sasa kurasa zimeachia na unatakiwa kushona.

Nilisema baba alikuwa anapitisha kwenye cherehani. Nimeyaangalia yale 11 kwa karibu sana, na kwa heshima zote za marehemu cherehani haifai, kwasababu matundu yanakaribiana mno, mgongo unakuwa kama karatasi ya stempu, baada ya miaka unachanika kwa kufuata mstari uleule wa uzi. Ila wazo lake la uzi lilikuwa sahihi kabisa, uzi haushiki kutu. Shona kwa mkono, matundu matatu tu. Uzi wa pamba, sindano ya kawaida. Kama matundu ya pini yapo yatumie kama la juu na la chini, alafu toboa jipya katikati. Anzia ndani: toa sindano kwenye tundu la katikati kwenda nje, rudisha ndani kwa tundu la juu, shuka kwa ndani ulipite la katikati bila kuliingia mpaka la chini, toka nje, panda urudi ndani kwa la katikati. Sasa una ncha mbili ndani na kati yao unapita ule uzi mrefu, hakikisha ncha moja ipo kulia kwake na nyingine kushoto, funga fundo juu yake. Vuta kwa kufuata mgongo, usivute kwa kunyanyua juu, utachana. Ukishazoea gazeti moja linakuchukua dakika kumi.

Tatu michaniko. Selotepu hapana. Hapana hapana. Inageuka njano, inanata, alafu gundi inazama kwenye karatasi na doa halitoki tena. Pika gundi yako: kijiko kimoja cha unga wa ngano, vijiko vitano vya maji, moto mdogo ukikoroga mpaka iwe kama uji mzito, ichuje kwa kichujio cha chai, ipoe. Chana kipande cha tishu nyepesi isiyo na maua, kiwe na kingo za kuchanika siyo za mkasi, paka gundi nyembamba sana, laza juu ya mchaniko kwa upande wa nyuma, weka plastiki juu na chini, kandamiza na kitabu kizito mpaka kesho. Paka kidogo kweli, gundi nene inaita wadudu. Haikai zaidi ya siku mbili kwenye friji, pika nyingine.

Nne, na hili linaniuma mpaka leo. Usipeleke kwenye laminesheni. Nilikuwa na Sani ya baba iliyokuwa imechoka kuliko zote, juu kona ya kulia kaandika kwa mkono wake tarehe na bei kama alivyokuwa anaandika kwenye magazeti yote, nikaipeleka stationery moja mtaani nikasema niwekee kwa kila ukurasa ili idumu. Yule kijana akaitenganisha, akaipitisha kwenye mashine, ile mashine ikakwama karatasi mbili ndani, zikatoka zimekunjamana zimeungua kahawia, na zile zilizopita salama ziligandana na plastiki milele, hazitibiki, hazishoneki, ukizigusa hazina tena ule mguso wa gazeti. Nilikaa nazo kwenye daladala nikashindwa hata kuzitazama. Kama unataka kudumisha ukurasa piga picha kwa simu, basi. Mchana, pembeni ya dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Hizo picha ziwe zako na watoto, usizisambaze kwenye magrupu ya WhatsApp, wachoraji wengi wako hai na wanakula kwa hizo kazi.

Likilowa mvua: usianike juani. Weka tishu nyeupe kati ya kila kurasa chache, badilisha zikilowa, feni kwa mbali. Jalada la kung'aa litenganishe likiwa bado bichi, likikaukia limeshikana ndio limeisha. Yakiwa mengi na huna muda, yaweke kwenye mifuko uyagandishe, utayashughulikia machache machache.

HATUA YA 7: Kutunza

Adui wa karatasi ya gazeti ni mwanga, unyevu na karatasi yenyewe. Imetengenezwa kwa mti uliosagwa na ile lignini iliyomo kwenye mti ikikutana na hewa na mwanga inageuka njano na karatasi inakuwa kavu kama jani. Huwezi kuzuia moja kwa moja, unaweza kuchelewesha.

Plastiki: nunua mifuko ya A4 ya kuweka kwenye boksi faili, tafuta alama ya PP au namba 5. Ile laini yenye harufu kali ya plastiki mpya, mara nyingi ni PVC, iache, baada ya miaka inanata kwenye wino. Gazeti moja mfuko mmoja, mdomo wazi ili lipumue. Komiki za Kimarekani ni kama sentimita 17 kwa 26 kwahiyo zinaingia vizuri humo.

Boksi: maboksi ya rimu za A4 yanatosha kabisa, yasimamishe magazeti wima, yasilegee na yasibanane, yakilegea yanapinda mgongo. Usiweke sakafuni, nyanyua angalau shubiri moja kwa matofali na ubao, na usiegemeze kwenye ukuta wa nje au wa bafuni. Sisi wa Dar na Tanga na Mombasa unyevu ndio unatumaliza, kwahiyo msimu wa kiangazi chagua siku kavu, fungua maboksi yote, tandika mkeka kivulini, yapate hewa. Watoto wangu wanaisubiri hiyo siku kuliko sikukuu, wanalala kwenye mkeka wanasoma mpaka jioni na mimi nakagua moja moja.

Weka boksi mbili, hili usiliruke. Moja la kutunza na moja la mikono. La mikono liwe sebuleni, chini, mtoto anafikia bila kuomba. Humo weka nakala za pili, mtumba, Shujaaz zilizorudufu, vyote ambavyo vikichanika tutashona. Boksi la kutunza linafunguliwa na mimi nikiwepo na mikono ikiwa imeoshwa na kukaushwa. Mzazi anayemkataza mtoto kugusa vyote atabaki na makaratasi masafi na mtoto asiyejali.

HATUA YA 8: Kusoma pamoja

Kwa yule ambaye hajui kusoma vizuri, mimi nakata vipande vya karatasi nafunika yale maputo ya maneno, alafu namuuliza huyu anasema nini? Anatazama nyusi, anatazama mikono, anatunga. Alafu tunafunua tunalinganisha. Wa kwangu wa miaka 6 mara nyingi anatunga maneno mazuri kuliko yaliyoandikwa na mimi namwambia hivyo, maana ni kweli.

Kwa anayesoma gawaneni wahusika, kila mtu na sauti yake. Kwetu kijana mkubwa ndiye Madenge, yule wa kwenye Sani, siku zote, mimi nakuwa mwalimu na kila anayefoka, kamdogo ni sauti za vitu. Na hizi sauti ndio utamu wenyewe. Kwenye komiki za Kiingereza mtu akidumbukia imeandikwa splash, sisi tunaifunika na kuuliza kwa Kiswahili inakuwaje? Akianguka majini chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi, sakafuni pu! Mwanangu alikuwa hajui tapwi, sa hivi analitumia mpaka kwenye ugali ukidondoka, na bibi yake akimsikia anafurahi mpaka anamuongezea mengine.

Simama kwenye nafasi kati ya picha na picha. Picha ya kwanza Lodi Lofa yuko mlangoni, ya pili yuko kituo cha polisi, hapo katikati kimetokea nini? Mchoraji hakuchora, mtoto ndiye anachora kichwani. Dakika mbili za hapo mimi nazithamini kuliko kumaliza gazeti zima.

Sheng ya Shujaaz ikitushinda tunamtumia shemeji yangu wa Nairobi ujumbe wa sauti, anatufafanulia na kucheka, na watoto wanapata sababu ya kuongea na mjomba wao. Mkubwa ameanza na manga za Kijapani, hizo zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, unaanzia unapodhani ni mwisho, jifunze mapema ili mtoto asikuache.

Soma wewe kwanza kabla ya kumpa. Katuni zetu za zamani nyingi zilikuwa za watu wazima, kuna za mambo ya chumbani na kuna nyingi ambazo mke kupigwa ni kichekesho. Za chumbani zikae juu mpaka wakati wake. Hizo za kupiga sizifichi kwa mkubwa, nazisoma naye na nasema wazi kwamba hapa walicheka na mimi sicheki, na namwambia kwanini.

Na usigeuze kuwa shule. Usimalizie na "haya niambie umejifunza nini." Wakimaliza kucheka wanalala.

HATUA YA 9: Daftari

Kaunta buku moja. Namba, jina, toleo, tarehe, umepata wapi na kwa nani, bei, hali yake, umetibu nini na lini. Hiyo sehemu ya umepata kwa nani usiiache, magazeti yangu mengi nimepewa na wazee ambao sasa hawapo. Namba iandike kwenye mfuko, siyo kwenye gazeti. Nikimwazima mtu anasaini kwanza, na ni kutoka boksi la mikono tu.

Alafu wape watoto kurasa zao. Chukua karatasi nne za A4 kunja katikati, toboa matundu matatu, shona kama nilivyoeleza juu, una kijitabu cha kurasa 16. Wa kwangu wanachora ya kwao, kamdogo ameanzisha mhusika ambaye ni kobe anayeuza vocha, yuko toleo la nne. Kila wakimaliza toleo linaingia kwenye daftari na namba yake kama mengine, upande wa umepata kwa nani naandika jina la mtoto na umri wake siku hiyo, kwa penseli, kwasababu wino wa kalamu unavuja upande wa pili.